Roketi Ikigoma, Usiisogelee: Mwongozo wa Jaribio la Roketi ya Maji Shuleni

Kwa walimu wa shule za msingi, wazazi na wanafunzi

KWA NINI UMEPEWA KIJITABU HIKI

Jaribio la roketi ya maji limeenea shuleni, na malalamiko nayo yameenea. Wazazi wanalalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na uvimbe usoni. Walimu wanalalamika kwamba wameachiwa jaribio bila maelekezo. Ofisi hii haikukaa kimya. Imeandaa utaratibu mpya, na kijitabu hiki kinaueleza kwa lugha nyepesi, ili asiwepo wa kusema hakujua.

Wapo watakaosema tunataka kuwanyima watoto sayansi. Si kweli. Tunataka jaribio hili lifanyike, tena mara kwa mara. Tunachokataza kabisa ni hiki: MTU KUISOGELEA ROKETI ILIYOJAZWA UPEPO IKAGOMA KURUKA. Ukisahau mengine yote, hilo usilisahau.

JARIBIO LENYEWE

Chukua chupa tupu ya plastiki ya soda ya lita 2. Tia maji nusu lita. Izibe kwa kizibo kinachobana. Soli ya ndala kuukuu ikichongwa vizuri inafaa sana. Katikati ya kizibo pitisha sindano ya kujazia mipira upepo, kisha iunganishe na neli ya pampu ya baiskeli. Geuza chupa, mdomo uwe chini, uisimamishe wima kwenye kisimamio imara. Anza kusukuma pampu. Watoto wataona mapovu yakipanda ndani ya maji: ndiyo hewa inayoingia na kubanana juu.

Hewa ikizidi kubanana, kizibo kinachomoka, maji yanatoka kwa kishindo kwenda chini na chupa inapaa. Hii ni kanuni ya tatu ya mwendo, aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687: kila msukumo una msukumo wa kuujibu, ulio sawa nao na unaoelekea upande wa pili. Chupa inayasukuma maji chini, maji yanaisukuma chupa juu. Watoto wengi hudhani maji yanajiegemeza kwenye ardhi. Mwalimu, wasahihishe.

Kisha rusha chupa isiyo na maji. Waache wabashiri kwanza. Itaruka, lakini chini sana kuliko ile ya maji, kwa sababu lita moja ya hewa ya kawaida ina gramu 1.2 hivi, na lita moja ya maji ni kilo 1. Hata hewa ikishindiliwa, bado ni nyepesi mno kando ya maji. Anayetupa kitu chepesi nyuma yake hasogei mbele sana.

HATARI AMBAYO WATU WANAIPUUZA

Mdomo wa chupa ya soda una upana wa ndani wa milimita 22 hivi. Geji ya pampu ikisoma pauni 40 kwa inchi ya mraba, kizibo kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10 hivi. Kizibo kilichobana kupita kiasi kinaizuia nguvu hiyo yote bila kuonyesha dalili yoyote. Chupa imetulia. Hakuna sauti. Darasa linaguna. Hapo ndipo mtoto mmoja hukimbia, akainama, akachungulia kuna nini.

USICHUNGULIE. USIINAME JUU YA CHUPA. USIITIKISE. USIIPIGE TEKE. Roketi iliyotulia ikiwa na upepo ndani ni hatari kuliko roketi inayoruka, kwa kuwa inayoruka kila mtu anaikimbia.

Hata wataalamu hawakai karibu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Waongozaji walikaa kwenye jukwaa jingine, la Santa Rita. Ikiwa wao walijitenga na roketi yao, mwanafunzi wa darasa la tano anakwenda kutafuta nini kwenye ya kwake?

UTARATIBU WA ROKETI ILIYOGOMA

1. Acha kusukuma pampu mara moja. Usiongeze upepo “kidogo tu”.
2. Tamka kwa sauti: “Imegoma! Hakuna kusogea!” Wanafunzi wabaki nyuma ya mstari wa mita 10.
3. Chomoa neli upande wa pampu, si upande wa chupa. Ndiyo maana neli lazima iwe na urefu wa mita 3 au zaidi. Maji yatarudi kwanza kupitia neli, kisha hewa. Ielekeze mbali na watu.
4. Subiri dakika 5 baada ya neli kuacha kutoa hewa.
5. Mwalimu peke yake, akiwa amevaa miwani ya kinga, aiendee chupa kwa ubavuni na kuilaza, mdomo ukiwa mbali naye.
6. Ikiwa neli haikutoa chochote, sindano imeziba. HESABU KWAMBA UPEPO BADO UMO. Ondoa wanafunzi wote, na chupa isiguswe na mtu.

CHUPA NA PAMPU

Tumia chupa ya soda pekee, kwa sababu imetengenezwa kuhimili gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Chupa ya kioo au kopo la chuma ni marufuku. Chupa yenye mikwaruzo, iliyokaa juani au iliyogandishwa mabawa kwa gundi ya moto, itupwe. Usipite pauni 40. Pampu isiyo na geji hairuhusiwi. Fundi pancha anayo yenye geji, kaiazime kwake.

Baruti, vichwa vya viberiti na petroli si sehemu ya jaribio hili. Atakayevitumia asitafute utetezi humu.

NANI ANARUHUSIWA

Darasa la nne na kuendelea, chini ya mwalimu wa sayansi, kwa idhini ya mwalimu mkuu na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Uwanja uwe wazi, mstari wa wanafunzi uwe mita 10 kutoka kwenye kisimamio. Masharti mengine yapo kwenye fomu ya ridhaa hiyo.

MASWALI YANAYOULIZWA

Mbona sisi tumefanya siku nyingi na hakuna aliyeumia?
Mmebahatika. Bahati si utaratibu.

Mzazi ahudhurie?
Anakaribishwa. Naye akae nyuma ya mstari.

Mtoto akirudia nyumbani?
Asirudie peke yake. Mzazi asiye na geji wala neli ndefu amwambie asubiri shuleni.

Tunajivunia kuwa utaratibu huu ni mfupi kiasi cha kuenea kwenye ukuta mmoja wa darasa. Ubandikwe pale watoto wanapouona, na usomwe kwa sauti kabla ya kila jaribio. Roketi ikigoma, usiisogelee.

KIJITABU HIKI HAKIUZWI. Ukiuziwa, toa taarifa.