Pikipiki ikizima njiani au gurudumu la nyuma likikwama: mwendeshaji aanzie wapi?

Siku za soko mjini Karatina, bodaboda ndizo hubeba kabeji, karoti na viazi kutoka mashambani mwa Mathira, na jioni huwarudisha wachuuzi na wanunuzi nyumbani. Njia nyingi zina miteremko na kona. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikianza, udongo mwekundu huteleza, na Julai huja na baridi na ukungu wa asubuhi.

Katika mazingira hayo, hitilafu mbili huhatarisha maisha kuliko nyingine: umeme wa pikipiki kukatika ghafla, na gurudumu la nyuma kukwama pikipiki ikiwa mwendoni. Waendeshaji wengi huzichanganya hitilafu hizi kwa sababu zote mbili huzima injini na taa. Matokeo yake ni kununua betri mpya ilhali tatizo liko kwenye breki, kisha kupakia abiria tena na kurudi barabarani na hatari ile ile.

Swali la kwanza: je, gurudumu linazunguka?

Katika pikipiki ndogo zinazotumiwa sana kwa bodaboda, umeme hauwezi kufunga gurudumu. Umeme ukikatika, injini huacha kuchoma mafuta na pikipiki hupunguza mwendo, lakini gurudumu huendelea kuzunguka. Kwenye mteremko wenye matope, hasa pikipiki ikiwa katika gia ndogo, tairi inaweza kuteleza kidogo kwa sababu injini inaivuta. Klachi ikibanwa, mvuto huo huisha.

Gurudumu likikwama kabisa, chanzo ni cha kimakanika. Taa huzimika kwa sababu injini imesimama: katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa hupata umeme kutoka kwenye koili ya injini, si kwenye betri. Kwa hivyo kuzimika kwa taa pekee si ushahidi kwamba nyaya zina kasoro.

Gurudumu likikwama ukiwa mwendoni

1. Bana klachi mara moja. Ikiwa injini ndiyo imekwama, gurudumu litaachiliwa.
2. Shika usukani ukiwa umenyooka na utazame mbele. Usikate kona.
3. Usibane breki ya mbele kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye breki ya nyuma iwapo pikipiki bado imenyooka. Ikiwa imeanza kuserereka kando, kuachilia breki ghafla kunaweza kuwarusha mwendeshaji na abiria.
4. Ikisimama, mshushe abiria upande ulio mbali na magari, kisha iondoeni pikipiki barabarani. Kwenye barabara ya Sagana hadi Marua, ambako magari huenda kwa kasi, hatua hii hutangulia ukaguzi wowote.

Kutafuta chanzo

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, uzime ufunguo, uweke nyutro na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono.

*Linazunguka vizuri, lakini kiki haishuki.* Injini imekwama, mara nyingi kwa kukosa oili au kwa joto kupita kiasi. Usiilazimishe. Ikipoa inaweza kuzunguka tena, lakini sehemu za ndani zimeshakwaruzana na itakwama tena. Pikipiki hiyo ibebwe hadi kwa fundi.

*Halizunguki hata katika nyutro.* Legeza nati ya kurekebisha breki ya nyuma. Likianza kuzunguka, tatizo ni breki. Lisipozunguka, tazama cheni, beringi za gurudumu, na chochote kilichojisokota humo: leso, kamba, blada ya kufungia mzigo au kipande cha gunia.

Makosa manne hurudiwa sana:

Cheni iliyolegea huruka kwenye sproketi na kujikaza kando ya gurudumu. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni inapaswa kucheza kati ya sentimita 2 na 3 juu na chini, ikipimwa mahali ilipokaza zaidi. Cheni iliyokazwa mno nayo huharibu beringi na inaweza kukatika.

Kosa la pili hutokea wakati wa kukaza cheni yenyewe. Gurudumu huvutwa nyuma, na fimbo ya breki hukazika pamoja nalo. Asiyelegeza breki baada ya kukaza cheni huondoka na breki iliyoshika kidogo. Kadiri anavyoenda, ngoma ya breki hupata joto, breki huzidi kushika, na mwishowe gurudumu linaweza kukwama. Kila cheni inapokazwa, breki irekebishwe pia.

La tatu hutokea baada ya pancha. Kuna chuma kinachozuia kifuniko cha breki kuzunguka pamoja na gurudumu. Kikirudishwa bila nati kukazwa au bila kotapini yake, kinaweza kuchomoka njiani. Hapo kifuniko huzunguka, fimbo ya breki hujikunja na gurudumu hukwama papo hapo. Kabla ya kumlipa fundi wa pancha, iangalie nati hiyo kwa macho yako.

La nne ni liningi za breki zilizokwisha. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Ukikanyaga breki na mshale ukafika kwenye alama, liningi zibadilishwe. Kuendelea kukaza nati hakusaidii, kwani sehemu inayozisukuma inaweza kupinduka na kukataa kurudi.

Ikiwa gurudumu liko sawa, sasa chunguza umeme

Fuata mpangilio, kuanzia kitu rahisi hadi kigumu:

1. Swichi ya kuzimia injini kwenye usukani. Mara nyingi huguswa kwa glavu au mkono wa koti bila mwendeshaji kujua.
2. Fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya unaogusa chuma cha fremu. Usitumie kipande cha waya wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara: fyuzi huungua ili nyaya zisiungue.
3. Vichwa vya betri. Visafishe na uvikaze. Nati iliyolegea hukata na kurudisha umeme kila pikipiki inaporuka kwenye shimo.
4. Nyaya chini ya usukani. Sehemu hii hujikunja kila kona, na nyaya hukatika ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Geuza usukani kushoto na kulia ufunguo ukiwa umewashwa. Taa zikiwaka na kuzimika, tatizo liko hapo.
5. Plagi na kofia yake, hasa baada ya mvua au baada ya kuoshwa kwa maji ya presha. Kausha na ujaribu tena.
6. Chaji. Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kupima kwa dakika chache. Betri nzima ikiwa imepumzika huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikiongezwa mwendo, kipimo katika pikipiki nyingi hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.8. Kisipopanda, betri haichajiwi, na betri mpya itakufa vilevile. Kikipita 15, kidhibiti chaji kimeharibika na kitaunguza balbu.

Redio, taa za ziada na chaja za simu zilizounganishwa bila fyuzi yake humaliza betri na kuchoma nyaya. Kifaa cha ziada kiwekwe na fundi anayejua uwezo wa koili ya pikipiki hiyo.

Taa ya breki huonya mapema

Taa ya breki ya nyuma huwashwa na swichi ndogo iliyounganishwa na pedali kwa springi. Ikibaki inawaka wakati mguu hauko kwenye breki, wengi huona ni swichi mbovu na kung'oa waya. Huenda ni swichi kweli. Lakini huenda pia pedali hairudi juu, maana yake breki inashika na betri inaisha kwa wakati mmoja. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na ngoma ya breki bila kuigusa. Ikitoa joto kali ilhali hukutumia breki sana, usipakie abiria kabla haijarekebishwa.

Ukaguzi wa dakika tano kila asubuhi

Zungusha gurudumu la nyuma, pima cheni, angalia oili, kanyaga breki utazame taa, na uguse nati za ekseli na za breki. Mzigo ufungwe bila ncha za kamba kuning'inia.

Abiria naye ana wajibu. Leso, shali au koti refu likunjwe na kushikwa mbele kabla ya kuondoka. Akisikia mlio wa cheni kugonga au harufu ya kuungua, ana haki ya kuomba kushuka. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi yenye viakisi mwanga, na kinaruhusu abiria mmoja tu.

Pakitokea ajali, piga 999 au 112. Usimvue majeruhi helmeti bila msaada wa mhudumu wa afya, isipokuwa anashindwa kupumua.

Waendeshaji wanaombwa kulisoma somo hili pamoja kwenye steji, na kuhakikisha kila steji ina fyuzi za akiba, spana ya nati za breki na kotapini chache. Vifaa hivyo ni vya bei nafuu, na gurudumu likikwama kwenye mteremko huwa hakuna muda wa kuvitafuta.