Unapoipeleka Bendi Yako Ulaya

Promota amekuandikia. Amesikia nyimbo zako, anakutaka kwenye tamasha la Julai, na anao wenzake wenye kumbi katika miji mingine mitatu. Hongera sana. Nyimbo umezitunga wewe na jina kwenye bango ni lako, lakini kila usiku kazi itabebwa na watu watakaosimama nyuma yako. Kwa hiyo anza kupanga na wao.

Idadi yao iamuliwe na gari. Ulaya, mwenye leseni ya kawaida ya daraja B anaruhusiwa kubeba abiria wasiozidi 8. Ukizidisha hapo, utahitaji dereva mwenye leseni ya basi, na bajeti inapanda siku hiyo hiyo. Meneja wa ziara akiendesha mwenyewe na fundi mitambo akachukua kiti kimoja, mnabaki 7, na mizigo nayo inadai nafasi yake. Watu 6 wanakaa vizuri: wewe, dramu, besi, solo, kinanda, na mwitikiaji anayejua pia kupiga ngoma.

Tafuta watu wenye kazi mbili. Mpiga rizimu anayeitikia ana thamani kuliko bingwa wa solo asiyefungua mdomo. Ila usikate uti wa mgongo wa muziki wako ili kubana gharama. Kama nyimbo zako zinasimama juu ya magita yanayojibizana, punguza kinanda, magita yaache. Remmy Ongala alipochukuliwa na tamasha la WOMAD mwaka 1988, na mwaka uliofuata akatoa albamu ya Songs for the Poor Man kwa lebo ya Real World, alikuwa na bendi yake ya Super Matimila. Wageni waliitwa kuusikiliza muziki wa Dar es Salaam kama unavyopigwa Dar es Salaam. Na wewe ndicho unachoitiwa hicho.

Fundi mitambo wako mwenyewe usimwache nyumbani. Nafasi ikibaki moja kati yake na mnenguaji, mchukue fundi. Fundi mgeni atapandisha sauti yako juu na kulizika gita la solo chini, kwa sababu hajui kwamba kwenye wimbo wako gita hilo nalo linaimba.

Sasa karatasi. Viza ya Schengen inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, katika nchi 29. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hazirudishwi. Kwa wanamuziki 6 peke yao ni euro 540, kabla ya ada ya kituo kinachopokea maombi. Waruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Wewe usiingoje hiyo tarehe ya mwisho. Shoo ikiwa Julai, peleka maombi Aprili, maana miadi ya ubalozini hujaa majira ya kiangazi yakikaribia.

Omba kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Barua ya mwaliko itaje kila mmoja kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na kazi yake: besi, dramu, fundi. Neno "na bendi yake" halimsaidii mtu dirishani. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000 kwa kila mtu. Kisha mwandikie promota umuulize: je, viza hii inatosha kupiga muziki wa kulipwa nchini kwenu, au kuna kibali kingine cha kazi? Kila nchi ina utaratibu wake. Jibu liwe la maandishi.

Uingereza haimo Schengen. Ina viza yake na masharti yake. Kama mnakwenda kote kuwili, iweke mwanzoni au mwishoni mwa ratiba. Ukiiweka katikati, mtatoka Schengen na kurudi, na viza ya kuingia mara moja itawaacha nje.

Kuna jambo watu hulikwepa, lisemeni wazi kwenye mazoezi. Mwanamuziki akitoroka Ulaya, bendi zinazokuja nyuma yenu ndizo zitakazopata taabu kwenye viza. Chagua watu wenye sababu ya kurudi, na waambie mbele ya wote kwamba unategemea mrudi wote. Lakini pasipoti za watu usizishike. Ni mali yao, na mtu uliyemnyang'anya pasipoti hawezi kukupigia kwa moyo.

Fedha, mdogo wangu, ziandike. Kila mwanabendi asaini mkataba wa ukurasa mmoja: malipo ya mazoezi, malipo ya kila shoo, malipo ya siku ya safari isiyo na shoo, na posho ya chakula. Andika pia nani mtunzi wa nini. Kama mpiga solo ndiye aliyeleta kipande kinachoubeba wimbo, kubalianeni mgawo wake sasa, wakati bado mnacheka pamoja.

Sehemu ya malipo itoke kabla ya ndege kuruka. Kila mmoja anaacha kodi ya nyumba, ada ya shule, mama anayesubiri dawa. Aliyetuma M-Pesa nyumbani kabla ya kupanda ndege anapiga besi akiwa ametulia. Posho ya chakula itolewe taslimu, kila asubuhi, kabla gari halijaondoka. Ukiirundika mpaka mwisho wa wiki, watu wataanza kukopana, na ugomvi wa ziara hupenda kuanzia hapo.

Kwa upande wa promota, dai nusu ya malipo kabla ya kununua tiketi, na iliyobaki ilipwe siku ya shoo. Uliza pia kama kiasi alichotaja ni kabla au baada ya kodi. Ujerumani humkata msanii wa kigeni asilimia 15, na nyongeza yake inafikisha 15.825. Uingereza kiwango ni asilimia 20. Mkataba useme nani anabeba makato hayo, na udai cheti cha kodi iliyokatwa. Utakihitaji utakapokaa na TRA au KRA.

Vyombo, chukua vichache. Promota huandaa dramu na amplifaya, nanyi mnaleta vile vinavyomhusu mpigaji mwenyewe: magita, simbali, snea, pedali ya ngoma kubwa, vijiti. Andika orodha ya kila chombo na namba yake, na uipitishe forodhani kabla ya kutoka ili usidaiwe ushuru wa vitu vyako mwenyewe ukirudi. Gita lisafiri kwenye boksi gumu, nyuzi zimelegezwa kidogo. Betri za lithiamu za maiki zisizo na waya ziwe kwenye begi la mkononi.

Ngoma ya ngozi iliyobaki na manyoya inaweza kuzuiwa mpakani, kwa hiyo ulizia mapema. Mpingo upo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini vyombo vya muziki vilivyokamilika vimesamehewa kibali tangu mwishoni mwa 2019. Pembe ya ndovu na gamba la kasa havimo kwenye msamaha huo. Viache nyumbani.

Plagi ya Uingereza ni hii hii yetu ya miguu mitatu. Ukivuka kwenda Ufaransa au Ujerumani, matundu ni mawili ya mviringo. Usinunue adapta kumi. Beba mbili, na ekstensheni mbili za kwetu zenye matundu manne.

Mtumie promota kurasa mbili, mwezi mmoja kabla. Ya kwanza ni mchoro wa jukwaa kama mtazamaji anavyoliona: nani anasimama wapi, spika za kujisikia ziko wapi, umeme unahitajika wapi. Ya pili ni orodha ya chaneli, na hapa uwe mchoyo wa maneno. Chaneli 1, ngoma kubwa. Chaneli 2, snea. Chaneli 7, besi, DI. Chaneli 8, gita la solo, maiki mbele ya amplifaya. Chaneli 9, gita lako la akustiki, DI. Fundi wa kule akiisoma hiyo, atakuwa ametandaza waya zote kabla hamjashuka garini.

Saundi cheki kamili utaipata kwenye kumbi. Kwenye tamasha, mara nyingi ni dakika chache za kuhakikisha kila waya unapitisha sauti, kisha mnaanza. Fanyeni mazoezi ya hilo pia: kila mtu apige chaneli yake anapoitwa, wengine kimya. Mpiga dramu umwandae kwa vipimo vya sauti. Ufaransa, kwa mfano, kikomo ni desibeli 102 kwa wastani wa dakika 15, na fundi wa ukumbi ataiheshimu sheria hiyo hata shoo ikipoa.

Hapa ndipo bendi zetu nyingi huumia: muda. Nyumbani mmezoea kupiga mpaka usiku wa manane, wimbo unarefuka kadiri watu wanavyocheza. Kwenye tamasha la Ulaya utapewa dakika 60 au 45, na bendi inayofuata imeshasimama pembeni na magita shingoni. Kwa dakika 60 tengeneza orodha ya dakika 55, ipimeni kwa saa mazoezini, na mjue tangu mwanzo wimbo upi unarukwa mkichelewa. Sebene usiifute. Ipunguze kwenye nyimbo za mwanzo, uiachie nafasi yake kamili kwenye wimbo wa mwisho.

Wewe ni mtunzi, na maneno yako yana uzito. Wengi mbele yako hawatayaelewa. Kabla ya wimbo mmoja au miwili, sema sentensi mbili kwa lugha yao au kwa Kiingereza: wimbo unamhusu nani, na amefikwa na nini. Usihutubie. Halafu imba kwa Kiswahili bila kuomba radhi.

Ratibu siku ya kupumzika baada ya kila shoo tatu au nne, na siku hiyo isiwe ya safari ya saa kumi. Kwenye orodha ya mahitaji ya nyuma ya jukwaa andika chakula cha moto, maji ya moto, tangawizi na asali, na kama kuna asiyekula nguruwe, liandikwe hilo pia. Sauti yako iokoe kwa usingizi.

Mwenzenu akishikwa na homa, hata wiki kadhaa baada ya kufika, mwambie daktari jambo la kwanza kabisa: ametoka eneo lenye malaria. Daktari wa kule anaweza kuifikiria mafua. Sisitiza kipimo kifanyike siku hiyo hiyo.

Baada ya kila shoo, piga picha orodha ya nyimbo mlizopiga, pamoja na jina la ukumbi na tarehe. PRS Uingereza, GEMA Ujerumani na SACEM Ufaransa hukusanya mirabaha ya shoo za moja kwa moja. Lakini fedha hizo hazimfikii mtunzi ambaye nyimbo zake hazijasajiliwa popote. Sajili kabla ya kusafiri, kisha peleka orodha hizo kwa chama chako cha mirabaha ukirudi.

Mkitua nyumbani, maliza malipo ya bendi wiki hiyo hiyo. Tunza vipande vya tiketi za ndege, maana ubalozi unaweza kutaka kuona kwamba mlirudi. Kisha mwandikie kila promota kumshukuru na kumuuliza kuhusu mwaka ujao. Matamasha mengi ya kiangazi huanza kuchagua wasanii mapema, miezi mingi kabla, kwa hiyo barua hiyo iwe imefika Septemba.