Urefu wa Vipande vya DNA na Swali la Asili ya Kiswahili

Utangulizi
Makala haya yanafafanua jinsi takwimu za DNA zinavyokadiria wakati ambapo jamii zilichanganyika, na mipaka ya ushahidi huo katika mjadala wa asili ya Kiswahili.

Mfano wa Kajiado
Wafugaji wa Kajiado, Kitengela ikiwemo, wamewapandisha kondoo wekundu wa Kimaasai, wanaostahimili minyoo, kwa madume ya Dorper, mbegu ya Afrika Kusini. Katika kila jozi ya kromosomu za mwanakondoo wa kwanza, moja nzima ni ya Dorper. Anapozaa, jozi hubadilishana vipande. Hivyo vipande vya Dorper huzidi kufupika kila kizazi. Kwa kupima wastani wa urefu wake, mtaalamu hukadiria idadi ya vizazi vilivyopita.

Ushahidi wa Pwani
Kanuni hiyo ilitumika katika utafiti wa watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa na Manda, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023. Ilikadiriwa kwamba Waafrika na Waasia, hasa wanaume wa Kiajemi, walianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Nasaba ya kike ilikuwa hasa ya Kiafrika.

Hitimisho
Je, Kiswahili si cha Kibantu? La hasha! DNA haina ngeli wala upatanisho wa kisarufi. Asili ya lugha huthibitishwa kwa sarufi na msamiati wa msingi, na vyote viwili ni vya Kibantu. Yamkini watoto hao walirithi lugha ya mama zao.