Gari Lililokwama na Ngamia Aliyepotea



Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili linatoka katika fiqhi ya mali, mlango wa luqata, yaani kitu kilichookotwa. Nimelichagua kwa sababu siku niliposomeshwa mlango huu, mali ya mtu mwingine ilikuwa kibandani kwangu.

Wakati wa likizo, pikapu kuukuu ilikwama kando ya barabara karibu na Kaberebere, njia tunayopita tukitoka Nakivale kwenda Mbarara. Mwenyewe alikuwa mzee wa kijiji jirani aliyeitumia kupeleka matoke sokoni. Giaboksi ilikufa, naye akaenda kutafuta pesa ya nyingine. Usiku wa kwanza betri iliondoka. Kisha vikaondoka vioo vya pembeni, taa na redieta. Wiki mbili baadaye gari lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina tairi hata moja, na watoto wakichezea usukani.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu pale Base Camp, nikitafuta ada ya muhula. Kijana ninayemjua kwa sura tu aliniletea betri, akataka shilingi 70,000. Nilijua betri iliyotumika ya ukubwa ule haipatikani Mbarara kwa bei hiyo. Sikuuliza kitu. Nilipoifuta vumbi nikaona imekwaruzwa namba kwa msumari ubavuni. Siku chache baadaye, nikiwa ndani ya teksi, niliisoma namba ya pikapu ile. Ni ileile. Niligeuza uso, nikajiambia: gari limetelekezwa, na nisingenunua mimi angenunua mwingine. Betri ilinifanyia kazi wiki tatu zaidi.

Ndipo darsa yetu ya Ijumaa ikafika kwenye hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim.

1. Ngamia ana viatu vyake

Katika hadithi hiyo Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mali iliyookotwa. Akaagiza muokotaji atambue mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha aitangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija, apewe. Akaulizwa juu ya kondoo aliyepotea. Huyo akaruhusu achukuliwe, kwani asipochukuliwa na mtu ataliwa na mbwamwitu. Kisha akaulizwa juu ya ngamia, na hapo uso wake ukabadilika kwa ghadhabu. Muulizaji ana shida gani na ngamia, hali ya kuwa mnyama huyo amebeba maji yake tumboni na miguu yake inamtosha kutembea? Aachwe mpaka mwenyewe amkute.

Tazameni tofauti. Kondoo anachukuliwa ili asiangamie. Ngamia anaachwa kwa sababu anaweza kumngoja mwenyewe. Sasa pikapu lenye uzito wa zaidi ya tani moja, lenye namba ya usajili mbele na nyuma, ni kondoo au ni ngamia? Mbwamwitu hali gari. Gari halifi kiu. Kama kuna mbwamwitu barabarani Kaberebere, ni sisi wenyewe.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba zama za Umar (r.a.) ngamia waliopotea waliachwa bila kuguswa na mtu. Zama za Uthman (r.a.) aliamuru watangazwe, kisha wauzwe, na mwenyewe akija apewe thamani yake. Hata mtawala alipoingilia kati, pesa iliendelea kumngoja mwenye mali. Kwa hiyo gari likiziba njia, wa kuliondoa ni mamlaka inayohusika. Mpita njia mwenye spana hana ruhusa hiyo.

2. "Limetelekezwa"

Hili ndilo neno nililojifichia mimi. Katika fiqhi, mali haimtoki mwenyewe kwa sababu ya vumbi, kutu wala majani kuota chini ya injini. Inamtoka kwa kuuza, kutoa zawadi, kurithiwa, au kwa kuiachilia wazi kwamba atakaye achukue. Wanazuoni wamejadili mnyama aliyeachwa jangwani na mwenyewe kwa kuchoka, kisha mtu akamwokoa. Wanazuoni wa Kihanbali wamesema mwokozi anammiliki, ili watu wapate hamu ya kuokoa uhai. Lakini Ibn Qudama katika al-Mughni anatenga bidhaa: hizo hazina roho ya kuokolewa, basi zinabaki za mwenyewe. Mwenye pikapu hakusema "chukueni". Alikwenda kutafuta giaboksi.

3. Tangi la mafuta na kiwele cha ng'ombe

Wako wanaosema, "Mimi sikugusa gari, nilinyonya mafuta kidogo tu." Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumkamua mnyama wa mwenziwe bila idhini. Alitufundisha kwamba kiwele ni ghala la chakula cha watu, akauliza nani angependa ghala lake livunjwe. Hapa Isingiro, nchi ya wafugaji, mfano huu hauhitaji sherehe. Tangi nalo ni ghala.

Na tunajua palipotufikisha tabia ya kukimbilia chombo kilichoanguka. Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: zaidi ya watu 200 waliungua baada ya lori la mafuta kupinduka. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: zaidi ya 100. Kigogwa, karibu na Kampala, Oktoba 2024: wasiopungua 11. Hatuwahukumu marehemu. Wengine walikuwa wapita njia, na huko Sange wengine walikuwa wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Wapo kati yetu Nakivale waliotoka sehemu zile. Nasema tu kwamba moto haukuchagua aliyebeba dumu na asiyebeba.

4. "Halikuwa na mlinzi"

Wanafunzi wa sheria hupenda hoja hii. Ni kweli kwamba adhabu ya hadd ya wizi ina masharti, na mojawapo ni hirz: mali iwe imehifadhiwa mahali panapostahili. Lakini sharti likikosekana, kinachoondoka ni hadd tu. Dhambi inabaki, kadhi anaweza kutoa adhabu nyingine, na deni la kurudisha linabaki palepale. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mkono unabeba dhamana ya ulichochukua mpaka ukirudishe. Wala haiulizwi mwenye mali ni wa dini gani. Mzee yule si Mwislamu, na haki yake juu yangu haikupungua hata shilingi.

5. Mnunuzi naye

Biashara ya spea zilizotumika ni halali, na magari mengi ya Uganda yanatembea kwa ajili yake. Lakini anayejua au mwenye dhana yenye nguvu kwamba kitu ni cha wizi, kisha akanunua, amesaidia katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Suratul Maida aya ya 2. Bei ya chini kupita kiasi, muuzaji asiyetaka kutaja jina, namba iliyokwaruzwa: hizo ni dalili tosha. Sheria ya nchi pia inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Samura bin Jundub (r.a.) kwamba mwenye kuikuta mali yake hasa kwa mtu ana haki zaidi nayo, na mnunuzi amfuate aliyemuuzia. Hasara yangu nidai kwa yule kijana, si kwa mzee.

6. Kurudisha

Baada ya darsa nilimfuata ustadh pembeni nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema toba ya mali ya watu haikamiliki kwa istighfari peke yake: betri irudi, na kwa kuwa niliitumia, nimlipe mwenyewe kodi ya siku hizo au anisamehe kwa hiari yake. Mwenyewe angekuwa hajulikani baada ya kutafutwa kweli, ningetoa sadaka kwa niaba yake. Hivyo ndivyo Ibn Mas'ud (r.a.) alivyofanya na pesa ya muuzaji aliyempotea.

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa namjua. Nilimwomba mwenyekiti wa LC1 anipeleke. Mzee aliigeuza betri, akaitazama namba aliyoichora, akaniuliza, "Na tairi zangu?" Sikuwa na jibu. Nilimpa shilingi 40,000 za kodi, akazihesabu akazipokea. Akaniambia kijijini wanasema wakimbizi ndio waliolivua gari lake. Nikamwambia, "Mzee, aliyeniuzia sijui kwao ni wapi. Lakini aliyenunua ni mimi, na mimi ni mkimbizi." Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake aniletee maji.

Yule kijana sijamwona tena, na kibanda nilikifunga mpaka muhula uliofuata. Pikapu bado liko juu ya mawe. Kila nikipita nalitazama.

Maswali ya halaqa:

1. Umekuta gari limekwama usiku na mlango uko wazi. Wajibu wako ni upi: kupita, kulinda, au kumjulisha nani?
2. Simu unayotumia uliinunua kwa nani, na je, bei yake ilikuwa na maelezo?
3. Iko mali ya mtu mkononi mwako ambayo mwenyewe unamjua? Swali hili usilijibu mbele ya watu. Lijibu kwa kwenda kwake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kurudisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiq.