KUENEZA NYIMBO

Tumeulizwa: yafaa kuwapelekea marafiki orodha ya nyimbo? Twajibu: juu ya ala za muziki wanavyuoni wamekhitalifiana, wengi wameziharamisha, na Ibn Hazm wa Andalusi, aliyekufa mwaka 1064, amezihalalisha. Ama maneno ya uasherati, hayo hayana khitilafu.

Tangu Spotify kufika Kenya mwaka 2021, kijana aweza kuifungua orodha yake ikafuatwa na watu asiowajua. Hapa ndipo penye khatari. Asikilizaye peke yake akitubia, ameacha. Aliyeeneza hutubia, na wengine wangali wakisikiliza. Suratun-Nahl, aya ya 25, yawaonya wapotezao watu kuwa watabeba na katika mizigo ya waliowapoteza.

Basi ndugu, sikiliza maneno kabla hujapeleka. Na uliyokwisha kuieneza, ifute leo, uwaarifu wenzio.