Kijani cha Kula na Kijani cha Kutupa
Ndugu zangu mnaosoma Ireland, tarehe 17 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mtakuta hata keki zimetiwa rangi ya kijani. Rangi hiyo haina lishe. Mimi nawapendekezea colcannon, chakula cha wenyeji: viazi vya kuponda, maziwa, siagi na majani ya jamii ya sukuma wiki. (Mkialikwa, ulizeni kwanza, mara nyingi huliwa na nyama ya nguruwe.) Majani yapikeni kwa mvuke, dakika chache.

Ila kijani cha kiazi kiogopeni. Kiazi kilichokaa kwenye mwanga hugeuka kijani, na mara nyingi solanini, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha, huwa imezidi. Kijani kikiwa kidogo, menyeni na mkate sehemu hiyo kwa kina. Kikiwa kingi, tupeni, hata kama mfuko wa mwanafunzi unalia.