Kupima Hasara Baada ya Gharika

Mvua kubwa ikiisha na maji yakianza kupungua, watu hukimbilia kufagia matope na kukusanya vyombo vyao. Si ajabu, kila mtu hutamani kurudi nyumbani kwake. Lakini ufagio huo huo ndio ufutao ushahidi, kwa maana alama ya maji ukutani haidumu. Mvua ya pili huiondoa kabisa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni alama hiyo.

Yafaa kuipigia mstari kwa mkaa, kuandika tarehe kando yake, kisha kupima kwa kamba au utepe kutoka sakafuni mpaka mstarini. Takataka zilizonaswa mitini zaweza kudanganya: tawi lililoinamishwa na maji huinuka tena maji yakipita, zikaonekana takataka zi juu kuliko maji yalivyofika. Ukuta husema kweli zaidi.

Ni vema pia kujua wingi wa maji yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya shamba la hekta moja, ni lita 500,000. Na kilima kimoja kina hekta ngapi?

Kisha wakaguzi na wapande juu, wayafuate maji yalikotoka. Hapo wengi huchoka, na ndipo penye jambo lenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu katika Kaunti ya Nakuru, maji yalivishukia vijiji watu wakiwa wamelala, na zaidi ya watu 40 wakafa. Habari za kwanza zilisema kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kuwa njia ya maji ipitayo chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, hatimaye yakajifungulia njia kwa nguvu. Kama ni bwawa, dawa ni moja; kama ni njia iliyoziba, dawa ni nyingine, nayo huhitaji majembe kabla ya masika.

Nyumba ya udongo isiingiwe kabla ya kutazamwa chini ya kuta, kwa kuwa msingi uliolowa huweza kuangusha ukuta hata jua likiwa kali. Madaraja nayo yatazamwe pande zote mbili. Mara nyingi daraja husimama huku udongo wa kando umekwisha kuliwa na maji. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kihesabiwe kuwa kimeharibika, hasa kikiwa karibu na choo, na maji yake yasinywewe bila kuchemshwa.

Katika mashamba, tope jembamba si sawa na mchanga. Tope huweza kurutubisha ardhi. Mchanga huifunika, nao wastahili kuandikwa kuwa hasara.

Hesabu ya kaya ifanywe mlango kwa mlango, mbele ya mzee wa kijiji, jina la mwenye nyumba likiandikwa mara moja tu. Aliyehamia kwa nduguye huhesabiwa kwake na huko pia, na orodha ya namna hiyo ikifika kwa chifu hurudishwa, na msaada hukawia. Nakala moja ibaki kijijini.